Kifandugu

Fundi alikuwa ameshachora mraba kwa chaki kuizunguka namba ya chesisi, mdogo kama kiganja cha mtoto. "Maalim," akasema, "tunakata hapa. Kipande hiki tunakwenda kukichomelea kwenye ile chesisi nzima. Namba ya mzee ipo, kadi ya mzee ipo, Honda ya mzee ipo. Kutu tunamwachia wa vyuma chakavu." Aliyasema hayo msumeno ukiwa mkononi, uso umemkunjuka. Nikamwambia asubiri, nina swali. Akacheka. Miaka yote tunayojuana nina swali.

Honda yenyewe ni C70 ya 1977. Marehemu baba aliinunua mpya alipokuwa karani bandarini hapa Tanga, akaiendesha hadi mwaka aliokufa, 1996. Ni ile aina isiyo na tangi mbele ya magoti. Tangi liko chini ya kiti, katikati pako wazi, unapitisha mguu kama unayevuka kizingiti. Waliobuni mama yake, Super Cub ya 1958, walikuwa wakimfikiria kijana wa Kijapani anayepeleka tambi za soba nyumba kwa nyumba, mkono mmoja umebeba trei, mmoja ndio huru. Ndiyo maana haina mkono wa klachi: gia unakanyaga, klachi inajitafutia yenyewe. Hakuna kule Japani aliyemfikiria karani wa Ngamiani anayewahi swala ya Ijumaa. Lakini ile nafasi ya katikati ilikuwa kama imepimwa kwa kanzu, na ule mkono uliobakizwa kwa ajili ya tambi baba aliutumia kushikia kofia, upepo wa bahari unapovuma. Zile ngao mbili za plastiki mbele ya miguu zilimfikisha msikitini bila tone la tope. Nimewahi kuendesha pikipiki nyingine nikiwa na kanzu. Simshauri mtu.

Baba alipokufa Honda iliegeshwa uani, chini ya mwarobaini, na hapo ikakaa karibu miaka ishirini. Chumvi ya Tanga haina usingizi. Na chesisi ya C70 si mabomba. Ni bati lililopigwa kwa mashine likaunganishwa, ndani pana uwazi, na maji yakiingia humo hayatoki. Kwa nje unaona rangi. Ukigusa kwa bisibisi, bisibisi inazama. Nilipostaafu kufundisha hesabu nikasema sasa nitaifufua. Neno hilo nililitamka kama wanavyolitamka mafundi wote, wanaofufua injini, betri, hata redio, bila kusimama kulitazama.

Nilichokuja kujua ni kwamba kufufua kunataka maiti wengine. Nilinunua C70 mbili mbovu, moja Muheza, moja Pangani, zote hazina kadi wala mtu wa kuzieleza, na tukazichinja. Ndivyo wasemavyo gereji: kuchinja. Ya Muheza ilitoa kabureta, rimu ya nyuma na karibu gia zote. Ya Pangani ilitoa sahani za klachi na taa, na chesisi yake tukaitupa pembeni kwa kuwa hatukuihitaji. Pistoni na ringi zilitoka Pakistan, ambako kwa miaka mingi wameunda ndugu yake, CD70. Kijana wa dada yangu aliyeko Muscat ndiye aliyezileta, zimefungwa ndani ya soksi. Platini mpya, spoki mpya, kiti kikavishwa ngozi mpya. Kisha kijana mmoja wa Barabara ya Nane akaipiga rangi nyekundu ya kumeremeta kuliko ilivyowahi kumeremeta kiwandani. Niliipanda miezi minane. Siku moja, naelekea Pangani, nikasikia mlio kama wa biskuti chini ya makalio. Chesisi ilikuwa imepasuka. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya hewa.

Ndipo tukafika kwenye chaki na msumeno.

Nilipokuwa na miaka tisa au kumi, maalim wetu wa chuoni alitusomesha kwamba mwili wa mwanadamu wote huliwa na ardhi isipokuwa kifandugu, kile kifupa cha mwisho cha uti wa mgongo. Kutokana nacho aliumbwa, na kutokana nacho ataungwa tena Siku ya Kiyama. Ni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Sisi watoto tulichojali ni kukitafuta. Mkeka mzima ukainuka kidogo upande mmoja, mikono nyuma, na bakora ikatembea. Usiku kitandani nikakigusa tena, kwa utulivu. Kuna kitu ndani yangu, nikawaza, hakizidi korosho, na hakuna mdudu anayekiweza.

Ule mraba wa chaki ukanirudisha kwenye mkeka ule. Namba ndiyo kifandugu, na fundi, bila kujua, anafanya lile nililofundishwa: anakichukua kisichooza anakiundia mwili mwingine. Mbona basi moyo wangu unagoma?

Ningeweza kusema ni kwa sababu kuhamisha namba ni kosa, na wanaohamisha namba za chesisi kwa kawaida ni wezi. Ni kweli, na ilitosha kuniambia nisifanye. Lakini nisiseme uongo, si hilo lililonizuia pale. Kilichonizuia ni kwamba ile chesisi ya Pangani nayo ina namba. Nikamuuliza fundi: na hii? "Hiyo tunaipitishia grainda," akasema, "inakuwa laini, hata wewe hutajua ilikuwapo." Yaani ili baba yangu afufuke, kifandugu cha baba wa mtu mwingine kisagwe.

Wanazuoni wa kale walilijua tatizo hili kabla ya kuwapo gereji. Waliulizana: mtu akimla mtu, nyama ya aliyeliwa ikawa nyama ya mlaji, itafufuka kwa nani? Swali linachekesha mpaka ukae mbele ya Honda iliyokula Honda mbili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipambana nalo alipokuwa akiwajibu wanafalsafa waliodai kwamba zinazorudi ni roho peke yake, miili hairudi. Hoja yake, kwa maneno yangu: mwili haukai hata tukiwa hai. Mtoto hula, hunenepa, hukonda, hukua, nyama ya jana si ya leo, na bado ni yuleyule. Kinachomfanya awe yeye ni nafsi. Nafsi ikirudishiwa mwili, uwe wa maada ileile, au nyingine, au iliyoumbwa upya, aliyerudi ni yeye. Nilipoisoma hoja hii nikiwa kijana niliona kesi imekwisha. Leo naona imekwisha kesi ya baba, si kesi ya Honda yake. Honda haina nafsi. Ukitoa rimu, ukatoa pistoni na spoki, mwishoni ukatoa na chesisi, hakuna kitu kilichosimama pembeni kinachongoja mwili.

Wakusanyaji watakwambia kipo, ni namba. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo siwacheki: stoo nina Suzuki A100 isiyo na ringi, na Honda CG125 ambayo naipenda kwa sababu ya kidini kabisa. Wahandisi wake waliona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zetu, oili haibadilishwi mpaka iwe lami, wakarudi wakabuni injini ambayo vali zake husukumwa kwa fito, bila cheni ile ndefu ya kupandisha mpaka kichwani, ili istahimili uzembe. Walitusamehe kabla hatujakosa. Lakini narudi kwenye namba. Huko Ulaya na Marekani mtu hulipa fedha za nyumba kwa CB750 ya 1969 iliyo miongoni mwa zile za mwanzo, ambazo wakusanyaji huziita za kalibu ya mchanga, makasha ya injini yakiwa yamesubiwa kwa njia rahisi, kwani kampuni haikuwa na hakika kama pikipiki kubwa kiasi kile itauzika. Namba ndiyo inayomwambia mnunuzi kama ni miongoni mwa hizo. Sawa. Yeye anatafuta kiwanda, na namba inamrudisha kiwandani. Mimi natafuta karani. Kufikia 2017 Super Cub na jamaa zake walikuwa wameundwa milioni 100. Kati ya milioni hizo, namba inanionyesha ni ipi. Ni nani, haijui. Nimefundisha namba miaka thelathini na tatu, na hii ndiyo kasoro yake pekee ninayoweza kuishtakia.

Wajapani wenyewe wana jibu jingine kabisa. Huko Ise kuna hekalu lao kuu la Shinto ambalo hujengwa upya kila miaka 20, kwenye kiwanja cha ubavuni, kwa mbao mpya, kisha la zamani huvunjwa. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na ilikuwa ya 62. Mbao hazina miaka mingi, lakini hekalu lina zaidi ya elfu moja, na hawaoni mgongano wowote hapo. Kinachorithiwa ni mikono: seremala kijana wa zamu hii ndiye mzee wa zamu ijayo. Nikajaribu kulivaa jibu hilo. Fundi wangu alifunzwa na fundi aliyekuwa akiishughulikia Honda ya baba miaka ya themanini, wakati spea hazipatikani kwa dua wala kwa dola, gasketi zikikatwa kwenye maboksi ya sabuni. Basi mikono ipo. Pengine Honda ya baba ni mikono ile, na mabati haya ni zamu tu.

Jibu lilinikaa vizuri kama siku mbili, mpaka nikakumbuka alichofanya mama.

Siku nilipoileta nyumbani ikiwa nyekundu mpya, mama, ambaye sasa macho yake yanaona mwanga na vivuli tu, aliipitishia kiganja kuanzia taa. Akafika kwenye ngao ya kushoto akasimama. "Hii ya nani?" Nikamwambia ya baba. "Ya baba yako ina kovu hapa." Kweli. Mwaka 1983 walianguka Chumbageni, yeye yuko nyuma kakaa upande, ngao ikapasuka, na kwa kuwa ngao nyingine haikuwapo nchini, baba aliitoboa matundu huku na huku akaishona kwa waya, kama anayeshona kikapu. Ule mshono nilikulia nao. Na niliutupa mimi, kwa mkono wangu, siku niliyofungua boksi la ngao mpya nyeupe. Nilidhani nasafisha.

Kwa hiyo kuna kitu kilichosimama pembeni, kumbe, nacho ni mama. Ni yule anayejua. Honda ilikuwa ya baba kwa kuwa mtu fulani anaweza kuweka kidole akasema hapa palikuwa na kovu. Mimi najua nusu ya anayoyajua yeye. Wanangu wanaiita pikipiki ya baba, na baba wanayemkusudia ni mimi. Tukishaondoka sote namba itakuwa bado inasomeka, safi, na nyuma yake hakuna mtu. Ndipo nilipoelewa kwa nini ile chesisi ya Pangani ilinitisha. Yenyewe imeshafika huko. Namba yake inasomeka kuliko ya kwetu, na sina hata mmoja wa kumuuliza aliyeipanda alikuwa akishika nini kwa ule mkono wa pili.

Naamini ile hadithi ya kifandugu kama nilivyoiamini kwenye mkeka, ila zamani niliisoma kama mtoto: nilidhani kifupa kile ndicho kinachomhifadhi mtu. Mfupa haumjui mtu, kama namba isivyomjua karani. Kama kufufuliwa kungekuwa ni kuunganisha tu, fundi wangu na msumeno wake wangetosha. Nategemea kitu kingine, kwamba Anayekianzia kifupa hicho hahitaji kuulizia kovu lilikuwa upande gani. Mimi nilihitaji, na sikuuliza.

Nikamwambia fundi afute chaki, asikate popote. Alichukua wiki tatu kuishona ya baba kwa mabati, kipande juu ya kipande, na sasa chini ya kiti ina uvimbe mbaya, na nadhani imeongezeka kilo kadhaa. Ya Pangani tumeitundika ukutani, namba yake imeelekea nje. "Nzima inaning'inia, mbovu inatembea," akasema fundi, "watu watatuuliza." Nikamweleza habari ya kifandugu mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza, akanyamaza, kisha nikaona mkono wake mweusi kwa oili unakwenda nyuma taratibu kukitafuta.

Juzi mama alitaka apandishwe. Nilishika usukani, mpwa wangu akamshika kiuno, akakaa upande kama zamani, nikapiga kiki. Ya tatu ikawaka. Hatukwenda popote. Mkono wake ukateremka ukingoni mwa kiti, kidole kikawa kinatafuta kitu pale ngozi inapokutana na bati. Palikuwa na tundu hapo, alilokuwa akichomeka kidole ili asiteleze kwenye kona.

"Pamepona," akasema, na hakufurahi.

Ngozi ya zamani sikuitupa. Iko stoo, ndani ya kiroba cha unga, pengine chini ya ile Suzuki. Nikazima injini nikaenda kuitafuta.