Mtoto Naye Achague

Aliyepita asubuhi katika soko la Karume, Dar es Salaam, saa ya kufungua marobota, aijua sauti ya wauza mitumba: "Chagua, chagua! Mia tano!" Kando ya mashati na viatu hutandikwa pia turubai la vitu vya kuchezea: magari yaliyopungukiwa gurudumu, wanasesere wenye nywele zilizosokotana, wanyama wa kitambaa waliolala kwanza katika nyumba za ng'ambo. Hapo, wasomaji wapenzi, niliona jambo dogo ambalo halijanitoka moyoni.

Baba mmoja alikuja na binti yake, umri wake yapata miaka 7. Akamwambia, "Mwanangu, leo utachagua mwenyewe." Mtoto akapiga magoti, akafukua kwa muda mrefu, kisha akainua tembo wa kitambaa mwenye sikio moja. Baba akacheka. "Huyu aliyekatika sikio? Acha uchafu huo, mchukue mwanasesere huyu mzuri." Akalipa, wakaenda zao. Mtoto alimshika mwanasesere kwa mguu, kama abebaye mzigo wa mtu mwingine.

Baba yule si mtu mbaya. Fedha yake aliipata kwa jasho, akataka inunue kitu cha maana. Wengi wetu tungetenda vivyo hivyo. Lakini tazama alichomfundisha binti yake: kwamba "chagua" ni neno la mdomoni tu, na kwamba macho ya mtoto hayafai kutumainiwa.

Je, Mama Kanisa amhesabu mtoto huyo kuwa nani? Mwaka 1910 Baba Mtakatifu Pius X, kwa hati iitwayo Quam Singulari, aliamuru kwamba mtoto akifikia umri wa kutumia akili, yaani karibu na miaka 7, asizuiwe kupokea Kitubio wala Komunyo Takatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo, katika kanuni ya 97, humhesabu aliyetimiza miaka 7 kuwa mwenye matumizi ya akili. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtoto huyu aweza kukosa kwa hiari yake, na aweza kutubu kwa hiari yake. Atapiga magoti mbele ya padre, pasipo baba wala mama, aeleze mwenyewe aliyoyachagua: alisema kweli au uongo, alimgawia mdogo wake au alimnyima. Basi Kanisa lamwamini katika mambo ya uzima wa milele, nasi twashindwa kumwamini kwa tembo wa shilingi 500!

Yoshua bin Sira, katika sura ya 15, atufundisha kwamba Mungu alipomwumba mtu alimwachia uamuzi wake mwenyewe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaonya wazazi wanaotaka kuitawala kila hatua ya mtoto: huko siko kulea, maana mtoto yampasa akue katika uhuru.

Mtu atasema, "Lakini atachagua vibaya." Ndiyo, atachagua vibaya. Gari lile litazima siku ya pili, naye atalia. Shilingi 500 ni ada ndogo kwa somo hilo. Wako vijana wa miaka 25 wanaolisoma kwa mshahara wa mwezi mzima, na wengine kwa ndoa. Usimnunulie jingine siku ileile, wala usimsute. Kaa naye, mlifungue gari mlitazame ndani.

Wala sisemi mzazi ajitenge. Kiasi cha fedha akiweke yeye. Achungulie pia kama ndani mna betri ndogo za duara mfano wa sarafu, maana mtoto akimeza moja huweza kumwunguza koo kwa muda wa saa 2 tu; vyenye betri hizo, na vyenye rangi kuukuu inayobanduka, viondolewe. Vilivyobaki vioshwe kwa sabuni, vianikwe juani. Lakini kila katazo litajwe kabla mtoto hajafukua. Likisemwa baadaye, mtoto huona amenyang'anywa.

Wako wanaoona haya kumpa mtoto kitu kilichotumika. Sijui haya hiyo yatoka wapi kwa Wakristo: hori alimolazwa Bwana wetu lilikuwa la wanyama. Waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 wasifu kukitumia tena kitu badala ya kukitupa. Kitu kikuukuu huleta aibu kinapotupwa mbele ya mtoto, achukue apende asipende.

Na hapo ndipo twakosa zaidi, tena tukiwa katika tendo jema. Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, ili watoto wawasaidie watoto. Noeli ikikaribia, parokia hukusanya vitu vya kuchezea kwa ajili ya yatima. Twavifunga mifukoni, twaandika "mvulana" na "msichana", kisha twawapanga watoto mstari, kila mmoja apokee mfuko wake na kupigwa picha. Mtoto yule hakuchagua kufiwa. Kitanda chake hakuchagua, wala sare, wala chakula cha mchana. Sasa hata kitu cha kuchezea tumekwisha kumchagulia.

Mwaka huu acheni mifuko. Watoto wetu wenyewe waamue watoe kipi, mama asikichukue kwa siri wakiwa shuleni. Mkifika kwenye makao ya yatima, tandikeni mkeka, mwageni vitu vyote juu yake, kisha mkae mbali kidogo. Wadogo watangulie, wapewe muda wa kufukua. Na atakayemwinua tembo mwenye sikio moja, apewe huyo.