🌙 RAMADHANI, SIKU YA 14: Udhuru si aibu



Jana baada ya Alasiri mama mmoja alinipigia. "Ustadh, nisamehe, tarawehe sitaonekana tena." Miaka tisa nyuma alifanyiwa upasuaji wa kuzuia mkojo kuvuja. Alipona, akarudi safu ya mbele. Mwaka huu umerudi: akikohoa, akisujudu, hata akikaa, matone hayakatiki. Hajamwambia mtu. Anaona akirudi hospitali atakuwa amekufuru neema, maana watu walimchangia.

Mama zangu, sikilizeni. Kuna upasuaji wa kuweka utepe chini ya mrija wa mkojo. Kule Skandinavia wanawake walifuatiliwa miaka 17, na zaidi ya 8 katika kila 10 walisema wamepona au wana nafuu kubwa. Alhamdulillahi! Lakini wapo pia ambao hawakufika hapo. Hao hawakukosa shukrani. Mwili ni amana, unachoka, misuli inalegea kwa uzazi na umri. Kumwambia daktari "imerudi" ni kutunza amana, na Mtume ﷺ ametuamuru tujitibu.

Na swala je? Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume ﷺ na damu isiyokatika. Hakuona haya kuuliza, wala hakuambiwa aache swala. Wanazuoni wakampimia hapo mwenye mkojo usiokatika: wakati ukiingia ajisafishe, avae pedi, atawadhe, aswali bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Udhu wake wa Isha, kwa madhehebu yetu ya Shafi, unamtosha faradhi hiyo pamoja na sunna, tarawehe ikiwemo. Akijikinga vizuri asichafue msikiti, mlango uko wazi. Na saumu yake haiharibiki kwa kuvuja huko. (Kama unatoka mara moja moja tu, hukumu ni nyingine: tawadha upya. Uliza hali yako.)

Sisi wanaume tujiulize: mama yuko nyumba moja na sisi, mbona kamwambia ustadh kwa simu kabla ya mumewe au mwanawe? Tumpe nafasi ya kusema, na nauli ya hospitali.

Nilimwambia, "Mama, njoo leo. Kaa karibu na mlango." Akina mama, mkimwona anatoka kutawadha, msimtazame. Msogezeeni mkeka.

Allah awaponye wagonjwa wetu, wanaosema na walionyamaza. Amin.

Mtumie na mwenzio, huenda yupo anayeihitaji kimyakimya.