Mzigo Una Askari

Mwaka nilioacha chuo kwa kukosa karo, nilipanda lori Lodwar kwenda Kakuma. Tuliposimama kupoesha injini, utingo alinionyesha sili mlangoni mwa konteina.

"Hii imefungwa Mombasa," akasema. "Ikikatika, mimi na dereva tuna kesi."

"Na wewe ukipigwa risasi njiani?"

Akacheka. "Hiyo ni bahati mbaya tu, ndugu yangu."

Jibu lile limekaa nami. Sili ile ilikuwa kipande kidogo cha mpango mkubwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, mataifa yalikubaliana Desemba 2002 juu ya kanuni za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilizoanza kutumika Julai 1, 2004. Bandari inayopokea meli za kimataifa, kama Mombasa, lazima ipimwe hatari zake, iwe na mpango ulioandikwa na afisa anayewajibika. Tahadhari ina ngazi tatu, na kila mtu anajua afanye nini ngazi ikipanda.

Ni rahisi kukasirika na kusema dunia inapenda mizigo kuliko watu. Nami nilikasirika hivyo. Lakini Juni 2005 maharamia waliiteka MV Semlow, iliyotoka Mombasa na mchele wa msaada wa WFP kwenda Somalia. WFP ikasimamisha kwa muda kupeleka chakula huko kwa bahari. Mwenye meli alipata hasara, lakini aliyelala njaa ni mwingine kabisa. Desemba 2008 manowari za Ulaya zilianza kusindikiza meli za chakula, na hapo siwezi kusema zililinda magunia tu. Hapa Kakuma, kambi iliyoanza 1992, watu wengi wanajua maana ya chakula kuchelewa njiani.

Kwa hivyo kulinda meli si kosa. Kosa ni kusahau tunamlindia nani. Mwaka 2018 malori yalipoanza kubeba mafuta ghafi ya Lokichar kwenda Mombasa, wakazi walifunga barabara. Moja ya madai yao lilikuwa usalama: majangili wanawaua na kuchukua mifugo. Malori yalirudi barabarani, na Agosti 2019 mafuta hayo yakapakiwa melini. Wafugaji hawakuomba mafuta yasilindwe. Waliomba nao wahesabiwe.

Hoja yangu ni hiyo tu. Kama tunaweza kuipimia gati hatari zake na kuiandikia mpango, tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kisima na malisho: hatari ni ipi, nani anaitwa, anafika baada ya muda gani. Tukishindwa, tusiseme hatujui namna. Tunajua. Tumechagua.

Kakuma, karani alikagua sili, akaiona nzima, akatia sahihi. Utingo akaketi kivulini kunywa maji. Yeye hakuna aliyemsaini.