"Sina" ya Mwenye Nyumba

Lipo neno ambalo mpangaji akilisema anaaminiwa, ila mwenye nyumba akilisema anaonekana mwongo. Neno lenyewe ni "sina". Mpangaji akisema hana, watu wanahisi kodi imepita. Mwenye nyumba akisema hana, watu wanainua macho kutazama bati. Nataka kuuliza kama neno hilo, likitoka kwa mtu ambaye nyumba na akiba vimemwishia siku moja, ni la kweli. Na kama ni la kweli, mtu huyo anadaiwa nini, na ni nani anayemdai.

Ninaowazungumzia si vigumu kuwapata. Panda daladala uende Chanika, Kivule au Chamazi, shuka kituo cha mwisho, kisha tafuta bodaboda. Utaziona nyumba za waliohamia kibishi: plasta ya nje haijapigwa, dirisha la sebuleni lina kioo na la jikoni limezibwa kwa bati, ndani ni jamvi tupu, na dari ni bati lenyewe, mvua ikinyesha huwezi kupokea simu. Mkopo wa benki wa kununua nyumba ni habari ya wachache. Wengi wetu tunajenga kwa mshahara, mchezo na VICOBA. Kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, boma linakaa misimu mitatu likiota majani. Halafu siku moja mwenye nyumba unayempangia anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nawe hela hiyo unayo mkononi, na kichwa kinapiga hesabu nyingine: hii inatosha mlango wa mbele, grili mbili na kuvuta umeme. Unafunga mizigo. Miezi michache baadaye una hati ya mauziano ya kiwanja, una funguo, na huna hata shilingi ya kwenda nayo hospitali.

Mimi ni mmojawapo, tena naishi peke yangu. Msomaji anipime kwa hilo.

Jibu la haraka unalopewa na watu ni kwamba akiba yako hujaimaliza, umeibadilisha sura tu. Wahenga walisema akiba haiozi. Basi yako imekuwa tofali za nchi sita, tulia. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, wengine wanakupa moyo kweli. Lakini hoja yenyewe inachanganya vitu viwili ambavyo Aristotle alikwisha kuvitenga zamani sana, katika kitabu chake cha Siasa. Alisema kiatu kina matumizi mawili: unaweza kukivaa, na unaweza kukibadilisha upate kitu kingine. Ni kiatu kilekile, ila matumizi ni tofauti. Nyumba ya kuishi ni kiatu kilichoko mguuni. Siwezi kuvua robo ya sebule nikanunulie dawa. Humohumo Aristotle alimtaja mfalme Midas, ambaye kila alichogusa, hadi chakula, kiligeuka dhahabu. Alishangaa ni utajiri gani huo ambao mtu anaweza kuwa nao tele na bado akafa njaa. Midas wa Chanika hana dhahabu. Kila alichogusa kwa miaka minane kiligeuka zege.

Na hili zege halikai kimya, linadai. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Si hela nyingi, sitaki kulia kupita kiasi. Lakini angalia namna inavyokatwa. Mwezi mpya umeanza, umebakiwa na 3,000 kwenye simu, unanunua umeme, na nusu inaondoka kabla hujawasha taa moja. Nyumba inakula kwanza, mwenye nyumba baadaye. Ongeza nauli, maana waliohamia kibishi wamehamia mbali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Ongeza boza la maji, kama bomba halijafika. Kodi ya pango ilikuwa inauma, lakini ilikuwa na faida moja ambayo hatukuiona: ilikulazimisha kuweka akiba kila baada ya miezi sita, upende usipende. Sasa hakuna anayekulazimisha, na hapo ndipo mtu anagundua kama aliwahi kuwa mwekaji akiba au alikuwa mwogopa mwenye nyumba.

Kwa hiyo "sina" ni neno la kweli. Mwenye nyumba anaweza kuwa hana.

Swali gumu linaanzia hapo, na ni gumu zaidi kwa anayeishi peke yake. Si kwa sababu gharama hazigawanyiki, ingawa hazigawanyiki kweli. Taa ya nje inawaka uleule usiku mzima uwe mmoja au muwe sita. Ni kwa sababu hakuna shahidi. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba ya watu wengi kata ni mtoto anayeuliza mbona leo hatuli, au mke anayeona unga umefika chini ya debe. Anayeishi peke yake hana kata. Anaweza kula mara moja kwa siku wiki tatu, asubuhi akavaa shati lililopigwa pasi akaenda kazini, na dunia nzima ikaendelea kumwita mwenye nyumba. Nani amedhulumiwa hapo? Hakuna aliyelalamika.

Wengi wetu tungejibu: hakuna. Mwili wangu, tumbo langu, najibana mwenyewe, nisemwe na nani? Na kusema kweli kuna sifa ndani yake, tunamsifu mtu anayejibana. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha 1797, alilikabili tatizo hili uso kwa uso. Alisema kwamba wajibu wa mtu kwa nafsi yake unaonekana kama kichekesho, maana mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, na mdai anaweza kusamehe deni wakati wowote. Hata hivyo alishikilia kwamba wajibu huo upo, tena bila huo wajibu mwingine wowote haungesimama. Sitaifuata hoja yake yote, ni ndefu na ya Kijerumani. Lakini nadhani aligusa penyewe, na mwenye nyumba asiye na akiba anaweza kuieleza kwa njia fupi zaidi.

Hebu fikiria kwamba chumba cha nyuma kinakaa mdogo wako. Hela imeisha. Je, ungemwambia asile leo ili Jumamosi fundi aje kupiga plasta ukuta wa barabarani? Ungemwambia avumilie jino hadi grili ya tatu iwekwe? Usingethubutu, na jirani akisikia umefanya hivyo angekuita mkatili. Sasa mtoe mdogo wako, ujibakize mwenyewe. Jino ni lilelile, ukuta ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba anayeumia hana wa kumwambia. Kama jambo linageuka kuwa sawa kwa sababu tu anayeumizwa hawezi kushtaki, basi tumekubali kanuni mbaya sana, na tusishangae ikitumika kwa wengine wasioweza kushtaki.

Akiba, kwa jinsi ninavyoielewa sasa, ni fungu la mtu ambaye hajafika bado. Yule wa mwakani, atakayeugua au kuachishwa kazi. Kujenga kulichukua fungu lake lote, na si kwa ubaya. Naye atalala ndani ya nyumba hii. Ila ana haki ya kuanza kurudishiwa kabla ukuta haujapakwa rangi. Hata 2,000 kwa wiki, hata kibubu cha kopo la maziwa ya unga. Mafundi hawatakubali hoja hii. Fundi kila akija anaona kilichobaki.

Kuna na wale wanaokudai kwa nje. Shangazi anapiga simu: "Mwenye nyumba wetu! Harusi ya mdogo wako tumekuweka laki mbili." Unayo aibu, unasema sawa shangazi. Wengine wataona huo ni upole au ni heshima kwa wakubwa. Mimi naona ni kosa kubwa kuliko kunyamaza. Mtu akificha njaa yake hajasema uongo, ana haki ya pazia lake. Akiahidi laki mbili ambazo hana, kuna mpishi atakayepewa oda na kuna ukumbi utakaolipiwa kwa hesabu hiyo. Au atatimiza ahadi kwa mkopo wa kausha damu, na hapo yule wa mwakani amewekwa rehani bila kuulizwa. "Shangazi, nyumba imenimaliza, mwaka huu nitakuja kuosha vyombo" ni sentensi nzito mdomoni, lakini wanaoisikia wanaijua kazi ya kujenga kuliko tunavyowadhania. Mara nyingi nao wana boma mahali.

Wahenga haohao walisema nyumba njema si mlango. Tunalitumia kwa watu wenye sura nzuri na roho mbaya, ila maneno yenyewe yanaendelea: fungua uingie ndani. Ndipo penye ugumu, kufungua. Anayeishi peke yake alijenga, kwa sehemu kubwa, ili asigongewe mlango na mtu. Sasa mshauri wa kwanza atakayempata atamwambia apangishe chumba kimoja. Ni ushauri mzuri wa kihesabu na unauma kama tusi: miaka minane nikimbie mambo ya choo cha kuchangia na zamu za LUKU, halafu niyaleta kwangu? Tena nikae upande ule mwingine, niwe yule anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Hilo la mwisho angalau lina dawa. Hakuna sheria inayonilazimisha nidai sita. Mwezi kwa mwezi inatosha kuniwekea kitu kwenye kopo, na inamwachia mpangaji akiba yake mfukoni, naye ana kiwanja anachokiwazia.

Chumba cha nyuma hakina dari wala mlango. Fundi anasema dari inaweza kusubiri. Mlango wa mninga sitauweza, nimeulizia bei ya wa mbao laini.