Tunawaibia Usingizi, Kisha Tunawachapa



Ndugu zangu katika imani, wiki mbili hizi mtaa wetu haukaliki. Barazani, sokoni, kwenye makundi ya WhatsApp, habari ni moja tu: mtoto wa miaka 6 aliyechapwa chuoni kwa kusinzia na juzuu mkononi. Mama yake akaenda kumvaa ustadhi mbele ya wanafunzi, yakatoka maneno ambayo siwezi kuyarudia ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, na mtu akayarikodi. Sasa tumegawika. Hawa wanasema ustadhi kazidi, wale wanasema mama hana adabu. Nimewasikiliza wote, nikingoja walau mmoja aulize: usiku wa kuamkia siku ile, mtoto alikuwa wapi?

Alikuwa harusini. Amefika nyumbani saa 7 usiku, na saa 1 asubuhi amekalishwa jamvini asome. Ustadhi hakujua, au hakutaka kujua. Mama alijua. Baba alijua. Na sisi wengine tuliokuwa pale ukumbini tulimwona kwa macho yetu.

Nami nilikuwa pale, nje, pamoja na wanaume wanaongojea wake zao. Mlango ulipofunguliwa nilimwona mtoto mwingine, wa kike, mdogo kuliko huyo. Amevalishwa gauni la kumetameta, hina mpaka kwenye vifundo, amelazwa juu ya viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa, kafunikwa ushungi. Spika iko hatua chache kutoka kichwani pake. Kila ngoma ikipanda anashituka, anafungua macho, anatafuta mama hamuoni, anafumba tena. Chupa ya soda bado ameishika. Watu wanapita pembeni yake na sahani za biriani. Hakuna aliyesimama.

Huo ndio msiba wangu leo. Fimbo nitaisema, sijaisahau. Lakini fimbo ilianza usiku. Tunamwibia mtoto usingizi wake, kisha asubuhi tunamchapa kwa kusinzia.

Mola wetu katika Suratun Nabaa, aya ya 9 mpaka ya 11, ametukumbusha kwamba usingizi ameufanya mapumziko, usiku ameufanya vazi, na mchana ameufanya wa kutafutia maisha. Na katika Suratun Nur, aya ya 58, amewafundisha adabu hata wale ambao hawajabaleghe: wabishe hodi nyakati tatu, na mojawapo ni baada ya sala ya Isha. Fikirini ndugu zangu. Aya inawazungumzia watoto walioko nyumbani, katika nyumba ambayo baada ya Isha watu wamevua nguo za kutokea na kupumzika. Watoto wetu watabisha hodi mlango gani, ikiwa saa hiyo nyumba nzima imefungwa kwa kufuli na wote tuko ukumbini?

Nitawasimulia kisa, na mnivumilie kama kitarefuka, maana kila nikikisoma machozi hunilengalenga. Abdallah bin Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake, alipokuwa kijana mdogo alilala usiku mmoja nyumbani kwa Mama Maimuna, ambaye ni khalati yake na mke wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Imo katika Bukhari. Mtume alisali Isha msikitini, akarudi nyumbani, akasali rakaa nne, akalala. Alipoamka usiku aliuliza: kijana amelala? Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima mabegani, anaamka kwa ajili ya ibada yake, na hapo anamuulizia mtoto wa watu kama amepata usingizi! Ndipo akatia udhu kwenye kiriba kilichotundikwa, akasimama kusali. Kijana akaamka, akatia udhu kama alivyoona, akaja kusimama kushoto. Mtume akamhamishia kulia. Na katika mapokezi ya Muslim, Ibn Abbas anasimulia kwamba kila alipopitiwa na usingizi, Mtume alimshika ndewe ya sikio.

Ustadhi, nakuomba ulisikie hili bila kukasirika. Mtoto alisinzia ndani ya sala, kando ya kiumbe bora kuliko wote, na alichopata ni mkono juu ya sikio. Wewe fimbo uliitoa wapi?

Na wewe mama, na wewe baba, sikilizeni upande wenu. Nyumba ile ya Mtume ilianza kwa kuuliza kama mtoto amelala. Ni nani kati yetu aliyeuliza hivyo jana? Saa 4 usiku, ni nani anayejua alipo mwanawe? Nendeni kwenye mabanda ya mpira siku ya mechi za Ulaya, zinazoanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu. Mstari wa mbele, chini, wamekaa vitoto vya darasa la pili. Nyuma yao wamekaa baba zao, na baba huyo huyo Ijumaa ananijia: sheikh, mwanangu ametimia miaka 7, namwamsha Alfajiri haamki, nimsomee nini? Usimsomee kitu. Mlaze.

Tena hesabu si ngumu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 ahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mabingwa wa usingizi wa Marekani waliandika mwaka 2016 kwamba wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji saa 9 mpaka 12. Ukitaka mtoto wa skuli aamke saa 11 alfajiri, ahesabiwe saa 9 tu, zile za chini kabisa, basi saa 2 usiku awe amekwisha lala. Hapa kwetu saa 2 watu wanatoka sala ya Isha. Unamtoa msikitini unamtia kitandani, basi.

Najua wapo watakaoniambia: sheikh, na maulidi je? Na darsa? Hayo ni mambo ya kheri. Ni ya kheri, na mimi ni wa kwanza kuhudhuria. Lakini Abu Barza amepokea kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wakaacha nafasi kwa elimu, kwa mgeni, kwa haja ya lazima. Nafasi hiyo ni ya mtu mzima, anayejua anatoa nini katika usiku wake. Mtoto wa miaka 5 hajatoa chochote. Amebebwa kama mkoba. Kheri yako usiilipie kwa haki ya mwingine, hasa mwingine asiyeweza kukudai. Barzanji inasomeka vizuri baada ya Alasiri, watoto wakiwa macho, wakiitikia, wakala halua yao na Magharibi wakarudi nyumbani.

Mama asiye na wa kumwachia mtoto simlaumu kama ninavyomlaumu mumewe. Zamani alibaki bibi, au shangazi, au jirani, akafunga mlango na vitoto vyake vinane akavisimulia hadithi mpaka vikalala kimoja kimoja. Leo kila mtu anaalikwa na kila mtu lazima aonekane. Basi wewe baba uliyekaa barazani unakunywa kahawa mpaka saa 5, rudi nyumbani. Mke wako aende harusini kwa ndugu yake, ni haki yake. Wewe mlaze mwanao. Mwoshe miguu, mpangusie kitanda, msomee Ayatul Kursiyy, kaa naye mpaka pumzi yake itulie. Na simu usimwachie mkononi ukasema kanyamaza. Kunyamaza na kulala ni mambo mawili.

Ustadhi nimezungumza naye jana baada ya Magharibi, na amekubali kwenda kwa wazee wa mtoto kuomba radhi. Wazee nao nimewaambia wamfungulie mlango. Kamati ya msikiti imekaa: darsa ya kina mama iliyokuwa ikianza baada ya Isha, kuanzia Jumamosi ijayo itasomwa baada ya Alasiri. Na wenye harusi mwezi huu, kadi zikiwa hazijachapishwa, njooni tuzungumzie saa za sherehe kabla hamjaenda kwa mchapaji.