Kabla ya Kumsingizia Mungu

Fundi anayehudumia seva ya Nginx, programu aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, ana amri fupi, nginx -t, ya kukagua mabadiliko kabla hayajaanza kazi. Programu husoma faili la mipangilio na kujaribu hata kufungua mafaili yaliyotajwa humo. Nukta-mkato ikisahaulika, humtajia mstari (mara nyingi ule unaofuata, si wenye kosa, lakini humfikisha karibu). Hata akipitiliza, akaiamuru isome mipangilio upya, ikikuta kosa huendelea na ile ya zamani na wateja hawajui kitu. Duara la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji wadogo, halina huruma hiyo. Matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta zake, yakishavunjika, hakuna hali ya zamani ya kurudia. Wachimbaji 5 waliotolewa hai kwenye mgodi ulioporomoka wa Nyangarata, wilayani Kahama, Novemba 2015, walikuwa wamekaa siku 41 chini ya ardhi. Tukauita muujiza, na sina ugomvi na neno hilo, ila hakuna anayeweza kuendesha mgodi kwa kutegemea muujiza wa pili.

Wapo watakaosema kwamba ajali imeandikwa, na kugongagonga matimba kila asubuhi ili kuyakagua ni kumshuku Mungu. Dini zenyewe haziwaungi mkono: Mwislamu amefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo amtegemee Mungu, na katika Injili ya Luka mjenga mnara hukaa chini kwanza akapiga hesabu ya gharama. Lakini mimi naona kosa la hoja hiyo liko kwingine. Tawakali ni ya mtu na nafsi yake. Mwenye duara aliyebaki juu, akamwambia anayeshuka na kamba kwamba Mungu yupo, hajamtegemea Mungu kwa lolote. Ameweka rehani shingo ya mwenzake. Na kifusi kikishuka, akisema ni mapenzi ya Mungu, anampachika Mungu uzembe ambao yeye angeuona kwa tochi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukaguzi hauoni yote. Kweli. Nginx -t ikijibu kwamba kila kitu ni sawa, imethibitisha tu kuwa maandishi yanasomeka na mafaili yaliyotajwa yanafunguka. Haijui kama umewaelekeza wageni kwenye seva isiyo yao. Vivyo hivyo duara lililokaguliwa asubuhi laweza kutitia jioni baada ya mvua. Ila hapo ndipo tunapoanza kuwa na haki ya kulitaja jina la Mungu, kwa kile kilichobaki baada ya sisi kutazama. Pia ukaguzi una gharama: kwa mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, siku isiyo na mfuko ni siku isiyo na ugali, hivyo hatasimamisha kazi yeye ili kukagua. Wa kuisimamisha ni mwenye leseni na mwenye duara, na posho ya siku hiyo ya ukaguzi itoke mfukoni mwao kabla mifuko haijagawanywa.