Madodoso Yaliyojazwa Chumbani

Kupika data ni jambo linalozungumzwa mabwenini bila hata kushusha sauti. Msimamizi anataka kaya 120, bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limekata, kijiji kiko mbali na mvua imeharibu barabara. Mwanafunzi wa sosholojia anajifungia chumbani na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyeusi, anajaza madodoso yaliyobaki huku akibadilisha mwandiko. Wengi wanaofanya hivyo si wavivu wala si waovu. Wanaamini tu kwamba hakuna anayeumia, na kwamba majibu wanayajua tayari. Kwa ajili yao nasimulia kisa cha profesa mmoja wa Uholanzi.

Diederik Stapel alibobea katika saikolojia ya jamii, fani iliyo ndugu na sosholojia. Alipata shahada ya uzamivu Amsterdam mwaka 1997, akawa profesa Groningen mwaka 2000, akahamia Tilburg mwaka 2006, na mwaka 2010 akawa mkuu wa kitivo. Alichunguza mambo yanayomgusa kila mtu: ubaguzi, ubinafsi, na jinsi mazingira yanavyobadilisha tabia zetu. Wanafunzi walimpenda. Magazeti nayo yalimpenda.

Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alianza na kidogo tu: tarakimu chache alizozibadilisha pale matokeo yalipokataa kwenda alikotaka. Mwishowe akaacha kabisa kukusanya. Alikaa na mwanafunzi au profesa mwenzake, wakapanga utafiti vizuri, wakatunga maswali pamoja, kisha akasema kazi ya kukusanya aachiwe yeye, kwa kuwa ana watu anaofahamiana nao mashuleni. Baada ya muda alirudi na jedwali limejaa. Ajabu ni kwamba watu walishukuru. Wapo waliotunukiwa shahada ya uzamivu chini yake bila kuwahi kuendesha jaribio hata moja wao wenyewe.

Aprili 2011 yeye na mwenzake, ambaye hakujua lolote kuhusu udanganyifu huo, walichapisha makala katika jarida la Science. Ilisema kwamba katika stesheni ya treni ya Utrecht, siku ambazo wafagizi walikuwa wamegoma na taka zimetapakaa, abiria weupe walikaa mbali zaidi na mtu mweusi kuliko siku ambazo stesheni ilikuwa safi. Kwa mtunga sera hayo ni matokeo matamu sana: fagia stesheni, upunguze ubaguzi. Miezi michache baadaye, wakubwa wa chuo walipoanza kumwuliza maswali, Stapel alikwenda Utrecht kutafuta mahali panapolingana na alivyoeleza kwenye makala. Hakupaona. Hebu mfikirie profesa mzima akizunguka stesheni, anatafuta viti ambavyo yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walivikalia.

Waliomfichua hawakuwa vigogo wa taaluma. Ni watafiti watatu vijana walioona matokeo ni mazuri kupita kiasi, wakafuatilia kimyakimya kwa miezi, na Agosti 2011 wakamweleza mkuu wa idara. Naomba uwaze hatari waliyojitia, maana aliyeshtakiwa ndiye mkuu wa kitivo chao. Septemba akasimamishwa kazi. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitoka Novemba 2012: udanganyifu ulithibitika katika makala 55, na tasnifu 10 za uzamivu za wanafunzi aliowasimamia zilikuwa zimesimama juu ya data za kubuni. Ripoti haikuwaacha wenzake na wahariri wa majarida, ambao kwa miaka walipokea matokeo yasiyowezekana na kupiga makofi. Stapel alirudisha shahada yake, na mwaka 2013 alikubaliana na waendesha mashtaka kutumikia saa 120 za kazi za kijamii. Wale wanafunzi hawakuwa na hatia, lakini miaka yao haikurudi.

Jambo linalonikera zaidi katika kisa hiki ni kwamba data zake hazikuwahi kumpinga. Zingempingaje, na zilitoka kichwani mwake? Tofauti ya Stapel na mtafiti wa umaskini Seebohm Rowntree ni kubwa mno. Mwaka 1899, katika mji wa York nchini Uingereza, Rowntree na wasaidizi wake walipita nyumba kwa nyumba hadi wakafikia familia 11,560. Wakati huo watu wengi wenye uwezo waliamini kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya ulevi na uvivu. Kitabu chake cha mwaka 1901 kilionyesha kwamba miongoni mwa waliokosa hata mahitaji ya kuuweka mwili hai, zaidi ya nusu walikuwa hivyo kwa sababu ya mishahara midogo. Walifanya kazi na bado hawakushiba. Mtu aliyejaza madodoso hayo sebuleni kwake angeandika ulevi, tena kwa dhamiri safi, kwa kuwa ndivyo alivyosikia maisha yake yote. Masomo ya sera za jamii yanasimama juu ya miguu ya watu waliobisha hodi milangoni.

Dodoso la kweli lina fujo zake. Unamwuliza bibi ana miaka mingapi, anakwambia, "Andika sitini, mjukuu wangu. Au sabini, wewe utaona." Ndiyo maana takwimu za sensa huku kwetu zina kawaida ya kujazana kwenye umri unaoishia na 0 na 5. Unauliza wangapi wanakula katika kaya hii, mama anaanza kuhesabu, anasita: mtoto wa dada yake anakula hapa mchana, usiku analala kwa babu, mume yuko machimboni, ametuma hela mara moja tangu mavuno. Je, hao ni wa kaya hii au si wa kaya hii? Hapo ndipo mwanafunzi anaposoma sosholojia hasa. Dodoso lililopikwa halina maswali hayo. Kila kaya ina watu watano, umri umetawanyika vizuri, baba mkulima, mama mkulima, na changamoto yao kubwa ni ukosefu wa mtaji.

Wala si kweli kwamba hakuna anayeumia. Anayejaza madodoso chuoni leo ndiye kesho ataajiriwa kuyajaza kwa ajili ya serikali na mashirika. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), wananchi walitaja kaya maskini kwenye mkutano, kisha dodoso likajazwa ili kuhakiki hali ya kila kaya. Katika mpango wa aina hiyo, mjazaji aliyechoka, aliyekwisha kuzoea kubuni, akiandika bati mahali penye nyasi au akamwongezea mjane mbuzi asiokuwa nao, mjane huyo anaweza kukosa ruzuku, na hatajua kamwe ni kwa nini. Atadhani ni majungu ya majirani au chuki ya mwenyekiti wa kijiji.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda uwandani, nauli ikiisha ukiwa umefikia kaya 43, andika 43. Eleza sababu katika sura ya tatu ya ripoti yako, ile ya mbinu za utafiti, maana mahali pake ni hapo. Unaweza kurudishwa, unaweza kupunguziwa alama, kubali. Nanyi walimu mnaodai kaya 120 kwa kijana asiye na hela ya bodaboda, punguzeni idadi, ombeni kuyaona madodoso yenyewe, na mkiletewa matokeo mazuri kupita kiasi, pandeni basi mwende kijijini mkaulize.